Waliohesabiwa: Njia Iliyoileta Akili Mnemba Mbulu na Hanang

Kijana wa Katesh au Dongobesh akiulizwa akili mnemba ilifika lini kwao, ataitaja simu janja, na pengine ule mwezi wa Novemba 2022 ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma na wanafunzi wakaanza kuiuliza maswali ya mtihani. Jibu hilo lina ukweli, lakini linaanzia karibu na mwisho. Mashine ya namna hii hujifunza kwa mifano, kama mtoto wa Kidatoga anavyojifunza kumtambua kila ng'ombe wa baba yake kwa kumtazama siku baada ya siku, bila mtu kumwandikia kanuni. Tofauti ni kwamba mtoto yupo malishoni na ng'ombe mwenyewe, ilhali mashine hupewa kile tu ambacho mtu fulani amekwisha kukiandika, kukipiga picha au kukirekodi. Kisichorekodiwa, kwake hakipo.

Ndiyo maana historia yake katika wilaya hizi mbili inapaswa kuanzia kwenye daftari. Nani alikuja kuhesabu, alihesabu nini, alimwacha nani nje, na hesabu ile ilimrudia nani kama faida au kama hasara?

Ng'ombe wa Mwingereza, ngano ya Basotu: hadi 1985

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa maendeleo Mbulu. Wakati huo jina la Mbulu lilibeba eneo kubwa kuliko wilaya ya leo, Hanang ikiwamo. Maofisa waliamua kwamba mifugo imezidi uwezo wa ardhi. Ng'ombe wakahesabiwa, wafugaji wakaamriwa kuwapunguza, vichaka vyenye mbung'o vikafyekwa, na Wairaqw waliobanana milimani wakafunguliwa maeneo mapya ya kulima na kuchunga. Haydom yenyewe ni matunda ya ufunguzi huo. Hesabu ile ilileta ardhi kwa wengine na mnada wa lazima kwa wengine.

Somo zito zaidi lilikuja baada ya uhuru, kwenye tambarare za Basotu chini ya Mlima Hanang. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianza kulima ngano kwa matrekta makubwa na mashine za kuvunia. Shirika la serikali la NAFCO lilifikia mashamba saba, na ardhi iliyochukuliwa ilikaribia ekari 100,000. Kwa wataalamu waliopima udongo na mvua, tambarare zile zilikuwa tupu. Kwa Wabarbaig, ambao ni tawi la Wadatoga, yalikuwa malisho yenye majira yake: huku huchungwa masika, kule huachwa yapumzike, pengine huendewa kiangazi kikikaza. Utaratibu huo ulikuwa kichwani mwa wazee na katika nyayo za mifugo. Haukuwa katika ramani yoyote ya mradi.

Mwaka 1981 Baraza la Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji kadhaa walilishtaki shirika hilo mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu: kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kihalali, na wengi wa walalamikaji hawakuwa wamethibitisha mbele ya sheria kwamba ni wenyeji. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi na kila mara inanikera. Watu waliozikwa mababu zao katika tambarare zile walishindwa kwa sababu uenyeji wao haukuandikwa kwa namna ambayo mahakama iliweza kuisoma.

Kesi hii haina kompyuta ndani yake. Hata hivyo naiona kuwa mlango wa historia yote inayofuata. Mradi ulikuwa na takwimu nzuri za udongo na mvua, na haukuwa na hata mstari mmoja kuhusu majira ya malisho. Kwa takwimu zake wenyewe ulikuwa sahihi, na ukawaumiza watu.

Kompyuta yapigwa marufuku: 1950 hadi miaka ya 1990

Wakati huohuo, mbali na Basotu, fani yenyewe ilikuwa inazaliwa. Mwingereza Alan Turing aliuliza mwaka 1950 kama mashine zinaweza kufikiri. Mwaka 1956 wanasayansi wachache walikutana katika chuo cha Dartmouth, Marekani, wakaipa fani jina lake. Kwa miaka mingi walijaribu kuiandikia mashine kanuni za kila kitu, na kila mara dunia ikazishinda kanuni zao.

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza 1965, Wizara ya Fedha. Haikuwa na bahati nchini. Mahesabu ya serikali yalivurugika, gharama zikapanda, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku pamoja na televisheni. Zuio hilo lililegezwa polepole hadi miaka ya 1990. Wapo wanaolicheka leo. Mimi naliona kama uamuzi wa nchi maskini iliyogundua kwamba imenunua mashine isiyoweza kuitawala, ingawa gharama yake ilikuwa kubwa: kizazi kizima cha wahandisi hakikupata kuishika mashine hiyo mikononi.

Haydom: akina dada, saa ya mkononi na kamera

Sehemu hii ya historia ndiyo iliyo tajiri kuliko zote, na wengi hawaijui hata ndani ya Manyara.

Hospitali ya Kilutheri Haydom ilifunguliwa 1955 na wamisionari kutoka Norway, mahali ambapo barabara ya lami ilikuwa ndoto. Ikawa kimbilio la Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe, Wanyisanzu na Wanyiramba. Kilichoitofautisha na hospitali nyingine za misheni ni kwamba ilijenga mazoea ya kuandika na kuchunguza.

Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walizunguka Mbulu na Hanang wakitaka kujua akina mama wangapi hufa kwa uzazi. Rejesta za zahanati hazikutosha, kwa kuwa wengi walijifungulia na kufia nyumbani. Basi wakatumia njia inayomstahi mtu asiye na karatasi: walimuuliza kila mtu mzima kuhusu dada zake wa tumbo moja. Walikuwa wangapi? Wangapi walifariki? Yupi alikuwa mjamzito, au alikuwa akijifungua, au alikuwa mzazi wa siku chache? Kumbukumbu za familia zikawa takwimu, na takwimu zikaonyesha ukubwa wa msiba ambao rejesta zilikuwa zimeuficha. Ukilinganisha na Basotu, hapa mhesabuji alianza kwa kuuliza.

Mwaka 2009 Tanzania ilianza kuwafundisha wakunga mbinu rahisi za kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua: kumkausha na kumsugua mgongo, na akikaa kimya, kumpulizia hewa kwa ambubegi, mfuko wenye barakoa unaobinywa kwa mkono, ndani ya dakika ya kwanza, dakika ambayo wakunga huiita ya dhahabu. Haydom ilikuwa miongoni mwa hospitali nane za majaribio. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47.

Ili kujua kinachotokea hasa pale kwenye meza ya kumhudumia mtoto, Haydom iliweka wasaidizi wa utafiti katika wodi ya wazazi usiku na mchana, saa mkononi, wakiandika kila sekunde ya kila uzazi. Kutokana na daftari zao, Hege Ersdal na wenzake waliandika mwaka 2012 kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kumpulizia mtoto hewa ziliongeza hatari ya kifo au ya kulazwa muda mrefu kwa asilimia 16. Takwimu hiyo imesomwa na wakunga na madaktari wa nchi nyingi. Ilitoka Mbulu, kwa vijana waliosimama pembeni ya kitanda wakitazama saa.

Lakini jicho la mtu huchoka, na msaidizi hawezi kuandika kwa wakati mmoja mapigo ya moyo, idadi ya pumzi zilizopulizwa na mikono ya mkunga ilipo. Mradi wa Safer Births ukaleta kifaa kidogo cha kampuni ya Laerdal kilichonakili mapigo ya moyo wa mtoto na hewa iliyopita kwenye ambubegi. Juu ya meza zikawekwa kamera. Taarifa zikalundikana kuliko ambavyo kundi lolote la watu lingeweza kuzipitia.

Hapo ndipo akili mnemba ilipoingia, bila tangazo. Katika Chuo Kikuu cha Stavanger, Norway, wahandisi akiwamo Øyvind Meinich-Bache na Kjersti Engan waliifundisha mashine kuzitazama video za Haydom. Walifanya hivyo kwa mbinu zilizoshika kasi duniani baada ya 2012, mwaka ambao programu za kutambua picha ziliruka ghafla kwa kujifunza kutoka picha zaidi ya milioni moja. Kwanza mashine ilifundishwa kutambua vitu: ambubegi, kifaa cha kunyonyea ute, mikono ya mhudumu. Kisha ikafundishwa kutambua tendo: hapa anasuguliwa, hapa ananyonywa ute, hapa anapuliziwa hewa. Kazi hiyo ilichapishwa 2020. Sasa mtafiti aliweza kuiuliza kompyuta mtoto fulani alianza kusaidiwa baada ya sekunde ngapi na msaada ulikatika mara ngapi.

Tuwe waangalifu tusimpe farasi sifa ya mpanda farasi. Video zile hazikumwokoa mtoto yeyote pale mezani, kwani zilichambuliwa baadaye, maelfu ya kilomita mbali. Kilichookoa maisha ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara, vifaa vinavyomwonyesha mkunga papo hapo kama hewa inafika, na utaratibu wa wodi kujikagua kwa takwimu zake yenyewe. Mambo hayo matatu kwa pamoja yalienezwa kutoka Haydom hadi hospitali na vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mwaka 2025 Benjamin Kamala na wenzake walichapisha matokeo yaliyohusu karibu uzazi 300,000: vifo vya watoto katika siku ya kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40, na vya akina mama kwa takriban asilimia 75. Mchango wa mashine katika habari hii ni kuziona sekunde ambazo jicho la mtu haliwezi kuzishika zote. Ni mchango mdogo, na ni wa kweli.

Simu inayompima mkopaji: 2008 hadi 2014

M-Pesa ilianza Tanzania 2008, na mwaka uliofuata nyaya za chini ya bahari zikafika Dar es Salaam. Kwa mkulima wa vitunguu saumu wa Mbulu au mfanyabiashara wa alizeti wa Endasak, simu ikawa benki. Jambo ambalo halikusemwa sana ni kwamba kila muamala uliacha alama. Mwaka 2014, M-Pawa na huduma za aina yake zilipoanza kukopesha kwa simu, hapakuwa na afisa mikopo wa kumtazama mtu usoni wala mdhamini wa kumjua. Programu ilipitia mwenendo wa laini: unaweka pesa mara ngapi, unatuma kiasi gani, unalipa deni kwa wakati au la. Kisha ikakadiria kama utarudisha.

Hii ndiyo akili mnemba ya mwanzo iliyowagusa watu wa kawaida moja kwa moja, na waliopata mkopo wa mbegu usiku wa manane wanajua thamani yake. Ila angalia mwenendo wa fedha katika wilaya hizi. Mfugaji huuza ng'ombe mnadani mara chache kwa mwaka, akapokea fedha taslimu. Mkulima wa mbaazi hukaa miezi bila shilingi, kisha zikaingia kwa mkupuo. Mwanamke mwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mumewe hana mwenendo wowote. Mashine iliyojifunza kwa mazoea ya mwenye duka wa mjini inaweza kumwona mwenye ng'ombe mia kuwa fukara. Ni lile kosa la Basotu kwa umbo jipya: utajiri upo, lakini haumo katika daftari linalosomwa.

Nyumba zilizoonekana kutoka angani, tope lililoshuka 2023

Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilitoa bure ramani ya majengo karibu milioni 18 ya Tanzania na Uganda. Hakuna mtu aliyeyachora. Mashine ilifundishwa umbo la paa kwa mifano, kisha ikapitishwa juu ya picha za setilaiti. Miaka miwili baadaye Google ikatoa yake, iliyofunika sehemu kubwa ya Afrika. Ramani za namna hiyo husaidia kupanga chanjo, nguzo za umeme na uokoaji.

Bati linang'aa, na mashine hulipenda. Nyumba ya kale ya Kiiraqw ni kinyume chake: ilichimbwa ubavuni mwa mlima, ikaezekwa kwa udongo, ili wavamizi wa mifugo wapite bila kuigundua. Nyumba kama hizo zimebaki chache. Walioibuni waliifanya isionekane, na huenda jicho la setilaiti hupata taabu ileile waliyoipata wavamizi.

Desemba 3, 2023, mvua kubwa ya usiku iliuporomosha ubavu wa Mlima Hanang. Tope, magogo na mawe vilishuka hadi Katesh na kijiji cha Gendabi. Zaidi ya watu 80 walifariki, nyumba zikasombwa, soko likafukiwa. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatisha ziara akarudi nyumbani.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutabiri vuli ya mvua nyingi kwa sababu ya El Niño. Wiki chache tu kabla ya maafa, jarida la Science lilikuwa limechapisha kazi ya GraphCast, programu ya Google DeepMind inayotabiri hali ya hewa ya siku kumi kwa chini ya dakika moja, baada ya kujifunza kumbukumbu za hewa za takriban miaka 40. Lakini kujua kwamba mvua itanyesha ni mbali na kujua ni korongo lipi litakaloachia, saa ngapi. Kwa hilo zinahitajika kumbukumbu za mlima wenyewe: unyevu wa udongo wake, nyufa za miamba yake, maporomoko yake ya zamani. Taarifa za hewa ya dunia zilikuwa nyingi mno, na za ubavu mmoja wa Hanang hazikutosha kumwamsha mtu. Sioni pengo kubwa kuliko hilo katika simulizi hii yote.

Majani ya mahindi

Viwavijeshi vamizi vilipoingia Tanzania 2017, wakulima wa mahindi walihangaika. Mwaka uliofuata FAO na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walitoa toleo la programu ya Nuru la kumtambua mdudu huyo. Msingi wa Nuru ulijengwa kwa picha za majani ya mihogo zilizopigwa Tanzania, na hufanya kazi bila intaneti, sifa kubwa kwa mashamba yasiyo na mnara karibu. Mkulima huelekeza kamera kwenye jani, na simu humwambia inachokiona. Huko Arusha, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Neema Mduma na mwenzake walichapisha 2023 hazina ya picha zaidi ya 18,000 za majani ya mahindi, mazima na yenye magonjwa, ili yeyote aweze kufundishia mashine. Daftari hili limeandikwa na Watanzania, na liko wazi kwa wote.

Koo nne za lugha kwenye meza moja

Mashine za maneno zilikuja kwa njia ya Kiswahili. Arvi Hurskainen wa Helsinki alianza kuifundisha kompyuta sarufi ya Kiswahili miaka ya 1980. Google ilikiingiza katika tafsiri zake 2009. Baadaye watu wa kujitolea walisoma sentensi kwa sauti zao katika mradi wa Common Voice, na watafiti wa mtandao wa Masakhane wakazifanyia kazi lugha za Afrika wenyewe badala ya kusubiri kufanyiwa. Leo mwalimu wa Tlawi anaweza kuomba maswali ya kujaribia darasa, na karani wa kata akasahihishiwa barua, kwa Kiswahili kinachosomeka. Mwalimu huyo asiache kuyahakiki majibu, kwa sababu mashine hizi hubuni jambo kwa ufasaha uleule zinaotumia kusema kweli.

Lakini Mbulu na Hanang ni mahali adimu duniani. Ndani ya mwendo wa siku moja utakuta Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi. Kidatoga, cha Kiniloti. Kinyisanzu na Kinyiramba, vya Kibantu. Na Kihadza cha bonde la Yaeda, ambacho wanaisimu hawajakipatia ndugu. Maarten Mous alichapisha sarufi ya Kiiraqw 1993, kazi kubwa inayoheshimiwa. Kwa mashine, hata hivyo, sarufi moja ni tone. Zinahitaji mamilioni ya maneno yaliyoandikwa na sauti za saa nyingi, na lugha hizi zimeishi midomoni. Bibi wa Kidatoga asiyejua Kiswahili anaweza kuulizwa na muuguzi wa Haydom aliyepata mkalimani korido ya pili. Simu haina mkalimani huyo.

Daftari na mwenye jina: tangu 2022

Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Aprili 2024. Sheria hiyo inamtaka mkusanyaji aeleze anakusanya nini na kwa nini, na inampa mtu haki ya kuona kilichoandikwa juu yake na kudai kisahihishwe. Inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake: mtu ambaye uamuzi wa namna hiyo unamuathiri sana anaweza kudai uangaliwe upya.

Kwa hiyo mfugaji wa Basotu ambaye simu imemnyima mkopo ana kitu ambacho wanakijiji wa Mulbadaw hawakuwa nacho mwaka 1981. Anaweza kumwandikia mkopeshaji, kwa Kiswahili, kuuliza taarifa zipi zimetumika kumpima na kutaka mtu aitazame kesi yake. Asipojibiwa, anaweza kulalamika kwa Tume. Vijiji vingi havijaijua haki hiyo bado, na mahali pa kuitangazia papo tayari: mkutano mkuu wa kijiji, siku ya mnada, na benchi la kliniki ambako akina mama hukaa kutwa wakisubiri kuitwa majina yao.